Pikipiki haiwaki au inasumbua barabarani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu pikipiki za biashara zenye injini ya muundo wa Honda CG125. Ni silinda moja yenye kipenyo cha milimita 56.5, valvu zinasukumwa na fito mbili kutoka chini, moto unatolewa na CDI (kisanduku cha umeme kinachoiamuru plagi iwake), mafuta yanapita kwenye kabureta. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria na mizigo Tanzania na Kenya zina injini hii. Zile za cc 150 ni ndugu yake, silinda tu imepanuliwa hadi milimita 62. Bajaj Boxer na TVS HLX zina kamshafti juu na cheni yake ndani, kwa hiyo namba za tapeti (nafasi inayoachwa juu ya valvu) ni nyingine, lakini njia ya kutafuta ugonjwa ni hiihii.

Pikipiki imegoma kabisa. Nianzie wapi?

Anza na vitu visivyohitaji spana: tikisa tangi usikie kama mafuta yamo, angalia koki imefunguliwa, swichi ya kuzimia kwenye usukani iko upande wa kuwasha, na kofia ya plagi imekaa sawasawa. Kisha piga kiki mara nane hadi kumi na ufungue plagi palepale.

Plagi ndiyo itakayokuambia uelekee wapi. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika, tatizo liko kwenye moto au kompresheni. Ikitoka kavu kabisa, acha nyaya zote, nenda kwenye mafuta. Kazi ya dakika tano imeshakupunguzia nusu ya pikipiki.

Injini hii inahitaji vitu vitatu: moto kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta, na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Vipime kwa mpangilio huo kwa sababu kupima moto ni rahisi kuliko kufungua kabureta, na kufungua kabureta ni rahisi kuliko kushusha silinda hedi. Kinachowapotezea watu fedha ni kununua CDI kabla ya kupima chochote. CDI husingiziwa sana. Mara nyingi kosa ni la kofia ya plagi, waya wa swichi au athi iliyopata kutu.

Napimaje moto bila kuharibu kitu?

Chomeka plagi kwenye kofia yake, kisha ilaze ubavu wake wa chuma ukiwa umegusa mapezi ya silinda hedi, mahali pasipo na rangi wala oili. Iweke mbali na tundu la plagi, kwa sababu ukipiga kiki injini inatema mvuke wa petroli pale na unaweza kushika moto. Washa swichi, piga kiki kwa nguvu, mtu mwingine atazame akiwa kivulini. Moto mzima ni wa bluu, mnene, na unasikika ukilia "ta, ta". Moto mwembamba wa rangi ya chungwa hautoshi, hata kama unaonekana nje: ndani ya silinda hewa imebanwa na moto unapata shida zaidi kuruka.

Usipige kiki ukiwa umening'iniza waya wa plagi hewani bila kugusa chuma. Umeme usipopata pa kwenda unarudi kutafuta njia ndani ya koili na CDI, na unaweza kuua vyote viwili kwa siku moja.

Hakuna moto hata chembe. Nifuate nini?

Kwanza plagi nyingine, mpya au unayoijua ni nzima. Bado? Zungusha kofia ya plagi kinyume na saa, itatoka kwenye waya kama skrubu. Kata nusu sentimita ya ncha ya waya ili upate shaba safi, kisha jaribu moto kwa kuusogeza waya wenyewe milimita 4 hivi kutoka kwenye mapezi. Shika waya kwa koleo lenye plastiki, usitumie vidole. Ukiona moto sasa, kofia imekufa, na kofia ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye njia hii.

Kama bado kimya, tafuta CDI chini ya kiti au ubavuni chini ya tangi. Kwenye nyingi za Kichina rangi za nyaya ni hizi: nyeusi yenye mstari mwekundu inaleta umeme kutoka kwenye koili ya moto ndani ya magneti, bluu yenye mstari mweupe inatoka kwenye pulsa, kile kidude kidogo kinachokaa pembeni ya flaiwili (gurudumu zito la magneti), kijani ni athi, nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda kwenye koili ya plagi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia.

Chomoa hiyo ya kuzimia peke yake na upige kiki. Moto ukirudi, CDI yako ni nzima, koili ni nzima, magneti ni nzima. Shida ni swichi ya ufunguo, swichi ya usukani au waya uliochubuka shingoni mwa usukani na kugusa fremu. Ukiendesha hivyo hadi nyumbani kumbuka ufunguo hautazima injini: ingiza gia ya tatu, kanyaga breki, achia klachi taratibu ife yenyewe.

Moto usiporudi, chukua multimita. Chomoa soketi ya CDI na upime kati ya nyeusi-nyekundu na kijani: koili ya moto iliyo nzima husoma omu mia mbili hadi mia sita hivi kulingana na mtengenezaji. Kati ya bluu-nyeupe na kijani, pulsa husoma omu mia moja hadi mia mbili hivi. Kipimo kisiposoma kitu, waya umekatika mahali. Kikisoma karibu na sifuri, imeungua na kugusana yenyewe. Upande wa koili ya plagi, waya mdogo hadi athi husoma chini ya omu moja au karibu yake, na waya mkubwa bila kofia husoma maelfu kadhaa ya omu. Vyote vikiwa sawa na athi ya kijani ikiwa safi, hapo sasa una haki ya kuishuku CDI. Azima ya pikipiki nyingine ya aina ileile ujaribu kabla ya kununua.

Tahadhari moja: baadhi ya pikipiki, hasa za cc 150, zina CDI inayokula umeme wa betri. Hizo hazina waya mweusi-mwekundu wa magneti, badala yake waya mmoja wa CDI unatakiwa kuwa na volti 12 ukiwasha ufunguo. Betri ikifa au fyuzi ikikatika, moto haupo, na kusukuma hakutasaidia sana.

Plagi sahihi ni ipi, na nafasi yake ni kiasi gani?

Kwa CG125 ni NGK D8EA, au ile ya Kichina yenye alama D8TC. Zote zina nati ya 18, hesi (mikato ya skrubu) yenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 19. Plagi fupi yenye kipenyo hichohicho inaingia kwenye tundu bila ugomvi, lakini inaacha hesi za silinda hedi wazi, zinajaa masizi, na plagi ya kawaida ikija baadaye inazikwangua.

Nafasi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Fungia kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana: nusu mzunguko kwa plagi mpya ili washa yake (pete ya chuma) ibonyee, na kidogo tu kwa ya zamani. Silinda hedi ni aluminiamu. Hesi zikiliwa utalipia fundi wa kuweka bushi.

Rangi ya ncha isome baada ya safari ndefu, sio baada ya kuwasha na kuzima:

- kahawia ya udongo mkavu: injini inakula vizuri
- nyeusi kavu kama masizi ya sufuria: mafuta mengi, choki imekwama au eya klina imeziba
- nyeusi yenye utelezi: oili inaingia, angalia ringi na sili za valvu
- nyeupe yenye vipele: joto limezidi, hewa nyingi au mafuta hayatoshi, usiendelee kuendesha

Plagi ni kavu. Mafuta yamekwama wapi?

Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Yanapaswa kutoka kwa mtiririko usiokatika. Yakidondoka matone, fungua mfuniko wa tangi. Mtiririko ukiongezeka mara moja, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Ukibaki vilevile, chujio la koki ndani ya tangi limejaa kutu na takataka.

Mafuta yakitoka vizuri, hamia kwenye skrubu ya chini ya bakuli la kabureta. Ilegeze na ukinge. Bakuli likiwa tupu wakati mpira umejaa, sindano ya boya imeganda juu, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyokaa miezi bila kuwashwa. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiachia, utafika nyumbani, lakini kabureta inataka kufunguliwa.

Imefurika, plagi inatiririka petroli. Nifanye nini hapa barabarani?

Funga koki, zima choki, vua plagi. Ufunguo ukiwa umezimwa, fungua resi mpaka mwisho na upige kiki mara kumi na tano ili silinda ipumue. Kausha plagi kwa kitambaa, rudisha, washa ufunguo, piga kiki resi ikiwa robo, bila choki. Usikaushe plagi kwa kiberiti karibu na injini.

Ikifurika tena kesho yake, sindano ya boya haifungi. Angalia ncha yake: ikiwa na mstari wa duara uliochimbika, imekwisha. Boya nalo litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani limetoboka na linazama.

Jambo hili lina madhara kuliko watu wanavyodhani. Kabureta inayovuja usiku kucha koki ikiwa wazi inaweza kushusha mafuta hadi kwenye silinda, yakapita pembeni ya ringi na kuingia kwenye oili. Vuta kijiti cha oili. Kikiwa juu ya alama na kinanuka petroli, usiwashe kabisa. Mwaga yote, weka lita moja mpya. Oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda fito wala beringi ya koni (fimbo ya pistoni), na injini inakufa kwa kilomita chache.

Nasafishaje kabureta ipasavyo?

Kupuliza kwa mdomo kupitia mpira wa mafuta sio kusafisha. Toa kabureta nzima, fungua bakuli, toa jeti kubwa na jeti ndogo kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake. Inua kila moja kuelekea jua: tundu la jeti ndogo ni jembamba kama uzi, na likiwa safi utaona nukta ya mwanga ya mviringo. Lizibue kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Usitumie sindano ya kushonea wala spoku, vinapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa hairudi tena.

Skrubu ndogo ya pembeni ya kurekebisha mchanganyiko, kabla ya kuitoa ikaze polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike. Ukirudisha, anza na mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kutoka pale inapogusa. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake inavunjikia ndani ya tundu na kabureta inakuwa chuma chakavu. Puliza njia zote kwa kompresa ukiwa umetoa boya na vitu vya mpira.

Injini ikishapata joto, weka sailensa (mwendo wa injini bila kushika resi) mizunguko kama 1,400 kwa dakika, geuza skrubu ya mchanganyiko robo robo hadi pale injini inapozunguka haraka zaidi na kwa utulivu, kisha rudisha sailensa chini kwa skrubu kubwa.

Inawaka, lakini haishiki sailensa. Nikiachia resi inazima.

Jeti ndogo ndiyo inayolisha injini kwenye sailensa, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kwanza. Ikiwa inakubali kubaki hai ukivuta choki kidogo, ni dalili kwamba mafuta ni machache au hewa inaingia pasipo njia yake. Mahali hewa hupenyea zaidi ni kwenye kipande cheusi kati ya kabureta na silinda hedi: oringi yake hukakamaa, na bolti zake mbili zikikazwa kupita kiasi kinapinda. Paka maji ya sabuni pale injini ikiwa hai. Sauti ikibadilika au povu likinyonywa, umepata.

Dalili nyingine ya hewa ya wizi ni resi kuchelewa kushuka. Unaachia, injini inaendelea kulia juu kwa sekunde kadhaa. Kabla ya kulaumu kabureta hakikisha pia kebo ya resi haibanwi usukani ukikatwa kushoto au kulia.

Asubuhi inawaka kiki moja. Ikishachemka, nikizima haiwaki mpaka ipoe.

Swali hili linaletwa kuliko mengine yote, na jibu lake mara nyingi ni tapeti zilizokazwa sana. Chuma cha valvu kikipata joto kinarefuka. Kama hapakuachwa nafasi, valvu ya ekzosti haifungi tena hadi mwisho, kompresheni inatoroka, na kiki inakuwa nyepesi. Ikipoa, valvu inafupika, inafunga, pikipiki inawaka kana kwamba haikuwa na kitu. Wakati huohuo valvu inaungua ukingo wake, kwa sababu inapoza joto lake kwa kugusa kiti chake, na sasa haikigusi.

Kupima: injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Vua plagi ili izunguke kirahisi. Fungua kava la tapeti. Ingiza gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma taratibu kwenda mbele, au zungusha flaiwili kwa spana kinyume na saa ukiwa upande wa kushoto. Tazama valvu ya kuingizia ikishuka kisha ikipanda. Endelea kidogo hadi alama ya T kwenye flaiwili ilingane na alama ya kwenye kava. Sasa tikisa roka zote mbili (mikono inayobonyeza valvu) kwa vidole: zote zikicheza kidogo uko mahali sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha mzunguko mmoja kamili zaidi na ujaribu tena, kwa sababu pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, na mara moja tu valvu zote zimefungwa.

Nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Geji ya 0.08 ipite kwa mkwaruzo kama karatasi kati ya vitabu viwili, na ya 0.10 ikatae. Legeza nati ya kufungia, rekebisha skrubu ya katikati, shikilia skrubu isigeuke huku ukikaza nati, kisha pima tena, maana kukaza nati mara nyingi kunasogeza kipimo.

Kama tapeti ziko sawa na ugonjwa ni uleule, pima moto injini ikiwa na joto. Pulsa na koili ya plagi zinaweza kusoma vizuri zikiwa baridi na kukatika ndani zikichemka. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi hakikuonyeshi kitu.

Fundi alikaza tapeti ili kelele iishe. Ni sawa?

Si sawa. Injini ya fito ina sauti yake ya "tiki tiki" nyepesi, na ikiwa nafasi ni 0.08 sauti hiyo haina madhara yoyote. Tapeti iliyolegea kidogo inakupa kelele. Iliyokazwa inakupa valvu iliyoungua.

Inatembea dakika kumi au ishirini kisha inakata kama imeishiwa mafuta. Nikisubiri inawaka tena.

Ikikata, fungua mfuniko wa tangi papo hapo. Ukisikia hewa ikinyonywa "fyuu", tundu la mfuniko limeziba. Mafuta yanaposhuka hewa lazima iingie badala yake. Lizibue kwa waya mwembamba. Pasipo sauti hiyo, rudi kwenye mambo ya joto hapo juu.

Kwenye tambarare ni nzima, mlimani na abiria inakosa nguvu.

Sikiliza kwanza. Resi inapanda lakini mwendo hauongezeki: hiyo ni klachi inateleza, injini haina kosa. Angalia kwanza uchezaji wa leva, milimita 10 hadi 20 mwishoni mwa leva kabla haijaanza kuvuta, kabla ya kununua sahani mpya.

Injini yenyewe ikigoma kupanda resi, fuata njia ya hewa na mafuta. Toa eya klina ukaijaribu kwa mwendo mfupi sana: ikipata nguvu, imeziba. Lakini usiizoee kuendesha hivyo, vumbi la barabara za udongo linasaga ringi na silinda kama msasa. Kisha jeti kubwa, ndiyo inayolisha resi ikiwa imefunguliwa robo tatu na zaidi. Kisha ekzosti: weka kiganja nyuma yake injini ikiwa hai, hewa iwe inapiga kwa nguvu. Ekzosti iliyojaa masizi inamnyima pumzi injini nzima. Na usisahau kunyanyua magurudumu uyazungushe kwa mkono, breki iliyobana imewahi kufanya silinda nyingi zifunguliwe bure.

Ikitema moto kupitia kabureta, "pafu", pale unapofungua resi, kuna uwezekano wa valvu ya kuingizia kutofunga au mafuta kuwa machache. Ikianza ghafla baada ya flaiwili kufunguliwa, toa flaiwili utazame kile kichuma cha nusu mwezi kinachoifungia kwenye shafti. Kikikatika hata kidogo, flaiwili inahama na moto unakuja wakati sio wake.

Dar ilikuwa nzima, nimeihamishia Njombe inatoa moshi mweusi na kula mafuta. Kwa nini?

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, pungufu kama moja ya tano ukilinganisha na pwani, ila kabureta inaendelea kumwaga mafuta karibu kiasi kilekile. Panda hatua moja kwenye sindano ya resi iliyo ndani ya kabureta: sogeza kile kipini kinachoishika kwenye mfereji wa juu zaidi, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Isipotosha, badilisha jeti kubwa uweke ya namba ndogo zaidi kwa hatua moja au mbili. Ukirudi pwani rudisha ilivyokuwa, la sivyo injini itachemka. Hali ni ileile ukitoka Mombasa kwenda Nairobi.

Nimeiosha kwa mashine ya presha, haiwaki.

Maji yameingia ndani ya kofia ya plagi, kwenye swichi ya ufunguo, au kwenye kishimo kinachozunguka plagi. Puliza kishimo kabla ya kuvua plagi, vinginevyo mchanga na maji vinadondoka ndani ya silinda. Kausha, paka grisi kidogo mdomoni mwa mpira wa kofia.

Nitajuaje kama petroli ina maji au imechanganywa na mafuta ya taa?

Kwa maji, legeza skrubu ya chini ya kabureta ukinge kwenye chupa nyeupe. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatakaa chini kama shanga au tabaka. Ukiona, mwaga bakuli, kisha toa na tangi lote. Kumwaga bakuli peke yake ni kusubiri saa moja yarudi.

Kwa mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli inakauka na kuondoka, mafuta ya taa yanabakiza doa la utelezi. Pikipiki inayokunywa mafuta yaliyochakachuliwa inakuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, inagonga kama misumari ikipanda mlima, plagi inajaa masizi. Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji huu, lakini chupa za barabarani hazina wa kuzipima zaidi yako.

Stata inalia "tik" tu, haizungushi.

Pima betri ikiwa imetulia: volti 12.6 na zaidi imejaa, 12.0 imekwisha. Ikiwa imejaa, safisha vichwa vyake na athi inayofungwa kwenye injini. Ikiwa kila asubuhi inakuwa tupu, washa kwa kiki, shika resi ya wastani, pima tena: inatakiwa 13.5 hadi 14.8. Chini ya hapo haichaji. Ikipita 15, rektifaya (kidude kinachodhibiti chaji) imekufa na itachemsha betri na kuunguza taa. Stata ikizunguka yenyewe kwa kelele bila kuzungusha injini, klachi ya stata ya upande mmoja ndiyo imechoka.

Kiki imekuwa nyepesi kama hakuna kitu ndani.

Kwanza hakikisha kiki inazungusha injini kweli, kwa kutazama flaiwili au kusikiliza pumzi kwenye tundu la plagi. Ikizungusha bila uzito, kompresheni haipo. Anza na tapeti, kwa sababu ni bure. Kama roka mojawapo imelegea vibaya, fito inaweza kuwa imechomoka mahali pake au kupinda.

Kisha geji ya kompresheni: resi wazi kabisa, piga kiki mpaka mshale usipande tena. Injini nzima ya aina hii hutoa kilo 10 hadi 12 kwa sentimita mraba. Chini ya 7 ina ugonjwa. Weka kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi na silinda zimekwisha. Isipopanda, hewa inatoka kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Moshi wa bluu: ringi tu, au nichonge silinda?

Moshi ukitoka zaidi pale unapowasha asubuhi au unapofungua resi baada ya kuteremka mlima, shuku sili za valvu, kazi ndogo. Ukitoka muda wote na kuongezeka ukipiga resi, ni ringi. Silinda ikishashuka, sukuma ringi peke yake ndani, isawazishe kwa pistoni, upime mwanya wa ncha zake. Ukizidi milimita 0.5, imechoka. Jaribu na ringi mpya kwenye silinda ileile: mwanya ukiwa bado mkubwa, silinda ndiyo imepanuka, na ringi mpya zitakupa mwezi mmoja wa furaha. Hapo chonga kwa saizi inayofuata, 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, na pistoni uipeleke kwa mchongaji kabla hajaanza, achonge kwa kuifuata. Mikwaruzo inayoshikwa na ukucha haiondoki kwa msasa.

Baada ya kuchonga, kilomita 500 za kwanza usibebe abiria wawili wala kufungua resi mpaka mwisho, na umwage oili ya kwanza mapema. Hiyo ya kwanza huwa imejaa unga wa chuma.

Nibebe nini chini ya kiti?

Plagi moja mpya iliyopimwa nafasi, spana ya plagi ya 18, bisibisi ya pande mbili, spana ya 10 na ya 14, fyuzi mbili za kiasi kilekile cha kwenye pikipiki yako, kofia ya plagi, nusu mita ya mpira wa mafuta, waya laini wa umeme na kitambaa kikavu. Funga vyote kwenye mpira wa tyubu, visitikisike na kutoboa waya wa betri.